Mkwe wa Nyumba ya Wazee

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Naliandika hilo mwanzo ili tusipotezeane wakati. Niliacha shule darasa la sita kwa miguu yangu mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, nikaenda kubeba mawe ya machimbo begani. Nimeona injinia mwenye shahada akimwaga slabu akiwa amesahau vyuma. Nimeuziwa ploti iliyokuwa imeuzwa kwa watu wengine watatu, na muuzaji alikuwa mchungaji. Leo niko na maduka mawili ya vifaa vya ujenzi Machakos mjini, malori matatu ya mchanga, na nyumba ya orofa kule Kalama ambayo watu wakiipita hupunguza mwendo. Waliosoma ndio wanaokuja kwangu kukopa saruji.

Kwa hivyo mama yangu alipoacha kula katika nyumba ya wazee huko Syokimau, sikushangaa. Nilikasirika. Ni vitu viwili tofauti.

Mama alianza kusahau kidogo kidogo, kama tangi linalovujia chini ambapo huoni. Kwanza chumvi mara mbili kwa sufuria moja. Halafu siku ya kanisa. Halafu mimi. Siku moja nilimpelekea sukari akaniuliza kama nimekuja kuchukua wale mbuzi, nikajua ananiona dalali. Mara tatu aliondoka nyumbani saa sita mchana na mtungi mgongoni akielekea mtoni, na bomba nimemwekea mimi mwenyewe, hatua kumi kutoka kwa mlango wake. Mara ya tatu walimpata ng'ambo ya pili, mtungi umejaa, hajui arudi upande gani.

Ndugu yangu mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye alifungua kundi la WhatsApp la mama. Kila asubuhi alikuwa anaweka picha ya maua na maneno "tuombe". Tukaomba. Kisha nikauliza ni nani atakuja Jumamosi kumwogesha. Kundi zima likanyamaza hadi Jumatatu, na Jumatatu yakaja maua mengine.

Wasichana watatu wa kumtunza walikuja na kuondoka. Basi nikatafuta mahali. Sikutafuta pa bei rahisi, mimi si mtu wa bei rahisi. Nikapata nyumba ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau, jumba la orofa moja ndani ya estate Syokimau, geti la umeme, vigae hadi kwa ukuta. Kina mama wa kanisa wakasema nimemtupa mama hosteli. Hao hao waliomaliza wali wangu Krismasi, na hakuna mmoja wao aliyewahi kujitolea kukaa naye hata nusu siku nikimpeleka hospitali.

Meneja wa pale alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mwenye vyeti tisa ukutani. Nilivihesabu. Ni wa kwetu kwa jina, lakini alizaliwa Nairobi na Kikamba chake kinaishia kwa salamu. Mama yangu, yeye alimwita "shosho" tu. Nikamwambia kwetu nyanya ni susu. Akasema ndiyo, ndiyo, akaendelea na shosho yake.

Kulikuwa na ubao umeandikwa leo ni siku gani na kama kuna jua. Mtu aliyelima Kalama miaka sitini anaambiwa na ubao kama kuna jua. Kulikuwa na saa ya kurushiana mpira wa plastiki, na saa ya kupaka rangi. Mama yangu, aliyesuka viondo vilivyonunuliwa hadi na Wazungu, akapewa kalamu ya rangi na picha ya bata amevaa kofia. Aliiangalia, akaikunja vizuri, akaiweka kwa kifua kama vile watu huweka noti.

Lakini nitasema ukweli, alikaa sawa. Mpishi wa pale, mama mmoja wa Mwala ambaye hakuwa na cheti chochote, alimpa maharagwe achambue. Kila siku sinia moja. Mama akichambua, mawe huku, mabovu huku, anaimba chini chini. Alinenepa. Miezi mitano mimi nililala usingizi wa mtu aliyelipa na akapata.

Halafu wakaajiri nesi mwanamume.

Simu ya kwanza ilikuja siku ya tatu. Meneja akaniambia shosho hali chakula. Hataki kuogeshwa, hataki kushikwa, akiletewa sahani anageuka. Nikamwambia nitakuja Jumapili. Jumapili nikaenda na muthokoi kwa kontena, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka jikoni kwangu. Mama alikula mpaka akakwaruza chini. Nikainuka nikaenda ofisini kwa meneja nikamtukana. Nilimwambia chakula chao ni cha kuku. Nilimwambia hata mabroila wangu hawawezi kukigusa. Akajaribu kufungua faili, nikamwambia faili hailiwi.

Hapo nilikosea na naandika kwamba nilikosea, kwa sababu mtu asiyekubali kosa huwa anajenga ukuta juu ya ufa. Sikuuliza Jumapili nani hayuko kazini.

Ikapita wiki nyingine. Simu ikaja, safari hii sauti imekauka. Siku kumi na moja sasa. Anachokunywa ni uji wa saa kumi na mbili asubuhi tu, ule unaoletwa na mpishi. Daktari amemwona, amesema akiendelea hivi hadi Ijumaa apelekwe hospitali awekewe mpira wa chakula kupitia puani. Sasa hiyo picha nikaiona, mama yangu na mpira puani, mikono imefungwa kwa kitanda ili asiung'oe. Wangemfunga, nawajua. Mama yangu hajawahi kufungwa na mtu.

Sikungoja Jumapili. Jumatano asubuhi nikaacha lori linapakia, nikaenda.

Nilimkuta kwenye korido, anatembea na fimbo yake polepole, meneja nyuma yake. Alikuwa amekonda, mabega yanaonekana chini ya leso. Nikafungua mdomo nimsalimie. Wakati huo huo mlango wa mwisho wa korido ukafunguka na yule nesi mpya akatoka na trei. Jitu refu, ndevu, bega la kushoto limelala kidogo.

Mama alimwona. Akavuta leso akajifunika kichwa na uso. Akageuka, akaingia nyuma ya pazia la dirisha, akapiga magoti huku uso wake umeelekea ukuta. Alikaa hivyo, bila kutetemeka, bila kulia. Nesi akasimama, akarudi alikotoka.

"Unaona sasa?" meneja akasema. "Ndiyo nilikuwa nakuambia. Anajitenga. Iko kwa ripoti."

Mimi sikuwa nasikiliza ripoti. Nilikuwa nimerudi kwa njia ya sokoni, mimi mdogo, mama mbele na mzigo wa ndizi umening'inia kwa kamba ya kichwani. Mbele yetu anakuja mume wa dada yangu, yule wa Kangundo. Mama aliacha njia na mzigo wake wote, akaingia kwenye miiba, akapiga magoti na kuangalia upande mwingine hadi mwanamume apite. Naye yule akainamisha kofia akapita ukingoni kabisa, kama anayepita karibu na nyuki. Hawakuwa wamekosana. Hiyo ndiyo heshima ya mama mkwe na mkwe, nthoni tunavyoiita. Hamkutani njiani, hamwangaliani, hamli pamoja. Mama alitoka kwa miiba damu ikiwa kwa mkono na akaendelea na hadithi alipokuwa ameiachia.

Hata mimi niko nayo. Mama mkwe wangu nilimjengea nyumba ya mawe, na akiwa sebuleni mimi hukaa kwa gari nikisikiliza redio.

Na mume wa dada yangu ni mrefu. Ana ndevu. Bega lake la kushoto limelala tangu alipoanguka kwa mparachichi.

"Mama anamwona huyu kijana wako kama mkwe wake," nikamwambia meneja.

"Mkwe?"

"Mume wa dada yangu. Nyinyi mmemchukua mkwe wa mtu mkampa kijiko amlishe. Mkampa sabuni amwogeshe. Huyo mama mngemvua nguo sokoni ingekuwa afadhali."

"Mzee, tafadhali. Shosho hana shida na mtu yeyote. Hii ni hatua ya ugonjwa. Ziko hatua saba."

"Na kuingia nyuma ya pazia ni hatua ya ngapi?"

Alifungua faili. Kwa kweli alifungua faili atafute.

Nesi akaja mwenyewe, akasimama mbali, mlangoni. Anatoka Bungoma. "Bosi, mimi nilisema siku ya pili," akaniambia. "Kwetu pia iko. Mama mkwe akikuona anaingia kwa mahindi. Niliandika hapo kwa fomu, ile sehemu ya chini, maoni mengine."

"Ile sehemu hatuiingizi kwa kompyuta," meneja akasema.

Vyeti tisa.

Nikasema ahamishwe. Wakamhamishia orofani, lakini nyumba ni ile moja na ngazi ni ile moja. Mama alisikia viatu vyake juu. Siku nzima alikaa ukingoni mwa kiti, leso tayari mkononi, sahani inapoa. Ukijua mkwe yuko nyumbani hunyooshi miguu ukala. Meneja akaniuliza kama nataka amfukuze. Mimi sifukuzi mtu anayejua kazi, ni wachache sana, na pale ndani walikuwa wawili tu, huyo nesi na mpishi. Wale wengine wakimwinua mzee unadhani wanashusha simiti.

"Basi mweleze shosho kwamba huyu si mkwe," meneja akasema.

Nimweleze. Mtu anayesahau kabla chai haijapoa.

Alhamisi nikaamua kufanya kazi yangu mwenyewe. Nilifikiri hivi: nimlete mkwe wa ukweli, nimsimamishe kando ya huyu wa bandia, mama aone ni watu wawili. Nikaendesha hadi Kangundo, nikamkuta shemeji yangu kwa kahawa yake akipogoa. Sasa ni mzee wa miaka sabini. Nilipomwambia nataka aje chumbani kwa mama, aliweka makasi chini.

"Shemeji, wewe una wazimu."

"Mama hali. Kesho wanamtia mpira puani."

"Nitakuja. Lakini mahali analala siingii. Hata akiwa hanijui, mimi namjua."

Tulipofika Syokimau aliona dirisha la orofa ya chini limefunguliwa, akavuta kofia hadi puani. "Mimi sivuki hili geti," akasema. Nikamwambia nimechoma mafuta hadi Kangundo nimlete akae kwa geti kama soja? Akasema ndiyo.

Tukakaa ndani ya gari, mimi nimefura. Halafu akasema, taratibu, akiangalia dashibodi, "Wazee walikuwa wanaifungua, unajua."

"Kufungua nini?"

"Nthoni. Ukimpelekea mama mkwe blanketi na mbuzi, mwanamke wa rika lake akamvisha hilo blanketi, inaisha. Anaweza kukuangalia. Anaweza kukupa chai."

"Na wewe miaka yote hiyo mbona hukufungua?"

"Nilikuwa nangoja kahawa ilipe."

"Kahawa ya mwaka gani?"

"Yote."

Huyo ndiye mwanamume dada yangu aliletewa na watu wa kanisa kama bahati. Lakini maneno yake yalikuwa ya maana kuliko ukuta mzima wa vyeti, na mimi nikisikia kitu cha maana sijali kimetoka kwa mdomo gani. Nikapigia simu jirani ya mama huko Kalama, mwanamke wa rika lake aliyechimba naye matuta ya kijiji, akili yake bado inakata kama wembe. Nikatuma gari limlete. Mbuzi nikamchukua Kitengela, dume jeupe. Blanketi nikanunua pale Mlolongo, kahawia, lile zito.

Ijumaa asubuhi meneja alinisimamisha kwa geti. Aliuliza kama mbuzi ana cheti cha chanjo. Nikamuuliza kama wageni wengine nao huonyesha. Tulipokuwa tunaendelea na hayo mbuzi akala maua yake ya chungu, vyungu viwili, akiwa ametulia kabisa. Meneja akasema hospitali imeambiwa ijitayarishe kwa saa nane. Nikamwambia saa nane ni mbali.

Mama alikuwa amekaa uani, kivulini, uso umeelekea ukuta, kwa sababu alikuwa amesikia viatu. Nesi alisimama nyuma yake, hatua tano, kichwa chini, kama mtu anayejua. Mkwe wa ukweli alikuwa nje ya geti ndani ya gari langu, vioo vimefungwa, akinipa maagizo kwa simu.

"Asije kutoka mbele," alisema.

"Hajaja mbele."

"Mbuzi amepita upande wa kulia?"

"Amepita upande wa maua."

"Sawa tu. Mwambie mama mkubwa aanze."

Jirani ya mama aliingia na bakora yake, hakumsalimia meneja, hakutusalimia sisi. Alienda akakaa chini kando ya mama, miguu imenyooka, kama mtu anayengoja zamu kwa kinu. Mama alimwangalia. Sijui alimwona nani, lakini alimsogezea nafasi.

"Mwenzangu," yule akamwambia kwa Kikamba, "mkweo ameleta."

"Ameleta nini?"

"Mbuzi, huyo. Na hili."

Akamvika blanketi mabegani. Mama alilipapasa kwa vidole, upindo kwanza, kisha katikati, vile alikuwa akipima kitambaa sokoni kabla ya kuanza kugombana na muuzaji. Alilinusa.

"Ni zito," akasema.

"Amechelewa lakini amefungua. Unaweza kumwangalia."

Meneja alikuwa amesimama na simu yake kwa mkono, hajui ampigie nani. Mama alishusha leso polepole. Akageuka na kiti chake, akamwangalia yule kijana wa Bungoma kuanzia viatu hadi ndevu, na ilichukua muda, maana alikuwa ameahirisha kuangalia kwa miaka karibu arobaini na tano.

"Umekonda," akamwambia. "Kwani binti yangu hakupikii?"

"Ananipikia, mama," nesi akajibu.

"Hakupikii vizuri. Kaa chini."

Akakaa. Mpishi alikuwa ameshaleta muthokoi na mchuzi, alikuwa tayari tangu asubuhi, ndiyo tofauti ya mtu wa kazi na mtu wa faili. Mama alichukua sahani, akamgawia kijana kwanza, yeye akafuata. Alikula kijiko, cha pili, cha tatu. Alimaliza, akainua sahani kwa mpishi aongezwe. Mimi nilienda kuangalia mahali mbuzi alikuwa amefungwa, ingawa tayari alikuwa ameondolewa kwenda kwa mchinjaji na hapakuwa na kitu cha kuangalia.

Simu ilikuwa bado iko hewani. "Amekula?" shemeji akauliza.

"Anakula."

"Sasa mimi nimefunguliwa, ama ni yule?"

Nikamuuliza yule mama wa Kalama. Alijibu bila kugeuza shingo. "Huyo alete yake."

Saa nane hakuna gari la hospitali lililokuja. Ndugu yangu mwalimu akaandika kwenye kundi, "Mungu ametenda", na ua. Meneja akaomba picha ya mama na blanketi aiweke ukutani, sijui kama cheti cha kumi. Nikakataa.

Wiki nzima nesi alimlisha, akamsaidia kuinuka, akamsindikiza hadi bafuni, ambako mpishi alichukua kazi iliyobaki. Kila asubuhi mama alikuwa hakumbuki mbuzi wala rafiki yake. Lakini blanketi lilikuwa mabegani, vidole vyake vilienda kwa upindo, halafu uso ukatulia na nesi akafungua mlango bila shida.

Halafu ikafika siku ya kufua. Mtu mwenye akili za huko ndani akalichukua blanketi akalitia kwa mashine. Mpishi ndiye aliyenipigia. Mama yuko nyuma ya pazia, chai imepoa, nesi amejifungia stoo ili asimwaibishe. Sikupiga kelele na mtu. Nilirudi Mlolongo kwa duka lile lile, nikataka lile lile, kahawia, zito, la upindo ule ule. Muuzaji aliona ninavyolitaka akaongeza shilingi hamsini, nami nikampa, mara ya kwanza maishani mwangu kutobishana bei. Moja likiwa kwa maji lingine liko mabegani, na mpishi ndiye mwenye kuyabadilisha, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyagusa.

Jioni hiyo alikula ugali na sukuma, akamwambia nesi akate kucha.

Watu wa kanisa wanafikiri nilitumia mamilioni kwa madaktari wa Nairobi, nami siwakatazi. Mbuzi elfu tisa na mia tano, mchinjaji mia tano, maua ya meneja mia saba, blanketi la kwanza elfu moja mia nane hamsini, la pili elfu moja mia tisa. Mama yangu kula tena kulinigharimu shilingi elfu kumi na nne, mia nne na hamsini.